Kufyeka ua na kuuchoma hakumalizi ndago

Mhariri,

Kila masika yanapokaribia, wenye nyumba hapa Pwani huwalipa vijana wafyeke vichaka vya uani na kuvichoma. Haupiti muda, magugu ya ndago na ukoka yamerudi. Moto huishia juu tu, ilhali vitunguu vya ndago, yaani vinundu vya mizizi vinavyochipua, vimelala chini, vingi vikiwa ndani ya sentimita 15 za juu za udongo. Jembe la kawaida huzidisha balaa: hukata mnyororo wa vitunguu hivyo, kisha kila kimoja huchipua peke yake.

Bora jembe uma. Udongo ukiwa na unyevu kidogo, inua bonge, lipukute, okota vitunguu na mizizi kwa mkono, uvianike juu ya bati hadi vikauke kabisa. Ukivitupa kwenye shimo la mboji umevipanda upya. Ni kazi ya kuchosha, kwa hiyo anza na tuta moja la mchicha, la mita 1 kwa 3, karibu na maji. Kwingine funika kwa maboksi na matandazo mazito. Ukoka utadhoofika, ingawa ndago hutoboa boksi bila shida.

Tutani weka debe moja la samadi iliyoiva kwa kila mita ya mraba, kisha panda mchicha. Samadi mbichi huunguza miche na huleta mbegu za magugu. Utavunwa baada ya wiki tatu au nne. Ukitaka na maua, asumini ipandwe ukingoni mwa ua, mita moja kutoka tutani, isije ikautia mchicha kivuli.

Ndago inayochomoza ing'olewe kila wiki, kabla haijaunda vitunguu vipya.

Wakulima wa bustani,
Tanga