Malaysia haikutuibia michikichi

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuandika hata mstari mmoja. Ile makala yenu ya michikichi ya Kigoma imenishinda kunyamazia.

Mmeirudia tena hadithi kwamba Malaysia walichukua mbegu kwetu, wakatajirika, sasa wanatuuzia mafuta. Tumeisikia kwenye kila jukwaa la siasa, na si kweli. Michikichi ya Asia ya Kusini-Mashariki chimbuko lake ni miche minne iliyopandwa na Waholanzi katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Shamba la kwanza la biashara la Malaysia lilianza mwaka 1917. Wenzetu walikaa wakafanya utafiti, wakaeneza tenera, yaani michikichi chotara yenye ganda jembamba na nyama nyingi, na mwaka 1981 wakaleta kutoka Cameroon mdudu wa kuchavusha maua, kazi ambayo mashamba mengi yalikuwa yakiifanya kwa mikono. Sisi mingi ya michikichi yetu bado ni dura, ganda nene na nyama kiduchu. Tenera ya kituo cha utafiti cha Kihinga, hapa mkoani, imeanza kutufikia baada ya kampeni ya serikali ya mwaka 2018 ya kufufua michikichi, na tunashukuru. Lakini hadithi ya wizi inatufanya tuwatazame Wamalaysia badala ya kuwatazama wanaotupunja hapa hapa.

Dada yangu anakamua mawese hapa Ujiji. Anachemsha chikichi kwenye pipa tangu alfajiri, anakamua kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, anayachemsha tena mafuta hadi maji yatoke, macho yote moshi. Msimu uliopita mnunuzi alikuja na madumu yake mwenyewe, akasema ni ya lita 20. Niliyaona yamevimba ubavuni, maana huyatia maji ya moto yakatanuka. Nikachukua chupa ya lita moja, nikajaza dumu mojawapo mbele yake, likameza lita tatu zaidi na bado halijafurika. Dada akaniomba ninyamaze, kwa sababu mnunuzi yule akikasirika, dada hana mwingine wa kumuuzia na ada ya mtoto inadaiwa. Nilipeleka malalamiko kwenye ofisi inayohusika, nikajibiwa kwamba hayo ni makubaliano ya muuzaji na mnunuzi. Makubaliano gani ya mtu mwenye njaa? Kila dumu mwanamke huyu anatoa lita tatu za jasho lake bure, na makala yenu nzima haina neno moja juu yake!

Ni lumbesa ile ile ya maharage ya Kasulu. Gunia linashonewa kilemba mpaka vijana wanne hawalinyanyui, linapita vizuizi vyote vya barabarani, na mkulima analipwa la kilo 100.

Halafu kuni. Mapipa yote haya yanachemshwa kwa miti ya miombo, na vilima vinavyotazama ziwa vinazidi kuwa vipara. Mvua ikinyesha udongo unateremka Tanganyika, kwenye mazalia ya samaki. Wakati huo huo makapi na maganda ya chikichi yanarundikwa nyuma ya nyumba. Viwanda vya Malaysia huchoma makapi hayo hayo kupata mvuke. Hilo ndilo la kuiga kwao, si kufyeka misitu kama ilivyofyekwa Sumatra na Borneo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufuko wa ziwa. Ienziwe kabla ya mashamba makubwa kufika.

Ninachotaka ni hiki. Kila soko la mawese mkoani liwe na kipimo kimoja cha chuma cha lita 20, kilichopigwa muhuri, kimefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, na mafuta yasiyopita hapo yasiuzwe. Kando yake lijengwe jiko moja la pamoja linalokula makapi, na kina mama ndio washike ufunguo.

Mwandishi wenu akirudi Kigoma, aje na chupa ya lita moja.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma