Popeye naye alianza kibarua

Goma, 14 Juni

Ndugu yangu Bahati,

Jambo sana. Nanasi za Idjwi zimefika, moja imepondeka lakini tumeila hivyo hivyo.

Nasikia unanuna kwa sababu vijana wa bandarini wamekubatiza Popeye, yule baharia wa katuni. Unamnunia nani? Wewe unamjua yule wa televisheni tu, mikono minene na kopo la mboga ya spinachi. Mwenyewe alitokea gazetini. Mmarekani mmoja, Elzie Segar, alianza kuchora hadithi yake mwaka 1919, ikiwa na Olive Oyl, kaka yake Castor, na mchumba wake Ham Gravy. Miaka 9 na zaidi ikapita, Popeye hayupo. Tarehe 17 Januari 1929 Castor anatafuta mtu wa kumwendeshea chombo, anakuta gatini jamaa wa jicho moja, anamuuliza kama ni baharia. Jamaa anamjibu: kwani unaniona mchunga ng'ombe? Akachukuliwa kwa safari ile moja. Basi, ndiyo hiyo hajashuka mpaka leo! Ham Gravy wa watu akapoteza hadithi na mchumba.

Na mboga haikuwapo. Alipotobolewa risasi mara ya kwanza, alipona kwa kusugua kichwa cha kuku wa bahati. Kuku, Bahati! Mboga ilifuata baadaye, na mwaka 1932 Segar aliisifia vitamini A, si ile chuma tuliyohubiriwa shuleni. Mwaka 1933 studio ya Fleischer ikamwingiza kwenye sinema, ndani ya katuni ya Betty Boop, na huko ndiko kopo lake lilikozoeleka. Unakumbuka mama alivyotudanganya na lenga-lenga, mchicha wetu? Ulimaliza sahani yako na yangu, ukaenda kukumbatia mfuko wa makala, makaa ya kupikia, ukaanguka nao, uso mweusi tii.

Ninachokipenda zaidi ni kunung'unika kwake. Jack Mercer, aliyempa sauti kuanzia 1935, alikuwa akichomeka maneno yake mwenyewe chinichini, kama kapiteni wenu injini inapozimika katikati ya ziwa.

Hata wewe walikuchukua safari moja, kushika nafasi ya yule mwenye malaria. Sasa ni mwaka wa tatu. Juzi nilimwona huyo wa malaria pale soko la Kituku, anauza makala. Anakusalimia, ila hakucheka.

Ndugu yako,
Amani