Mwacheni agombee cheo kisicho na mshahara

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, nakaa Jadida, Wete. Ninalotaka kulisema limetokana na maneno yanayozunguka mtaani kwetu kuhusu binti mmoja niliyemsomesha skuli, ambaye sasa ni mtakwimu bima huko Unguja, yaani mtaalamu wa kukadiria hesabu za bima na pencheni za miaka ijayo. Amechukua fomu kugombea ujumbe wa kamati ya uongozi katika chama cha wanataaluma wenzake. Nafasi yenyewe haina mshahara wala gari, na vikao vikiwa Dar es Salaam nauli ya boti anajilipia. Jina lake silitaji, kwani hakunituma.

Habari ilipofika barzani, swali la kwanza lilikuwa analipwa kiasi gani. Niliposema halipwi, wenzangu wakacheka. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, hapana mtu anayehangaikia kitu kisichokuwa na kitu." Mwengine akamaliza kabisa: anataka aonekane, kesho ateuliwe. Siwalaumu sana. Tumeviona vyama ambavyo mwenyekiti wake hujitolea kukata utepe tu, na muhtasari wa kikao huandikwa na mtu asiyejulikana hata jina. Lakini katika hili wamekosea, tena wamekosea jambo linalotugusa sisi wenyewe tunaoishi kwa pencheni.

Wengi hawajui kazi ya mtakwimu bima ni ipi. Nani atakufa lini, hajui ila Mola. Lakini ukikusanya watu wengi wa umri mmoja, kuondoka kwao kuna mwendo unaoweza kuandikwa kwenye jedwali. Mwaka 1693 Edmond Halley, yule yule ambaye nyota yenye mkia imepewa jina lake, alichukua hesabu za waliozaliwa na waliokufa katika mji wa Breslau, ambao leo uko Poland, akatengeneza jedwali la namna hiyo na kuonesha jinsi ya kupanga bei ya malipo anayopewa mtu kila mwaka mpaka afe. Bima za maisha na mifuko ya pencheni ya leo imesimama juu ya fikra hiyo. Hapa kwetu ndiyo wanayoiita tathmini ya uhai wa mfuko: kutazama michango inayoingia, mafao yanayotoka na umri wa wanachama, kisha kusema mfuko utafika wapi.

Nitatoa mfano kwa hesabu ya darasani. Serikali ya Mapinduzi ilipoanza kutoa pencheni jamii mwaka 2016 kwa wazee waliotimiza miaka 70, kila mmoja alikuwa akipata shilingi 20,000 kwa mwezi. Chukua wazee 1,000 tu kwa kiwango kile cha mwanzo. Kwa mwezi ni milioni 20, kwa mwaka ni milioni 240. Tuseme kila mmoja anaishi miaka 10 tangu aanze kupokea: bilioni 2.4. Sasa tuseme dua za watoto wao zimekubaliwa wakaishi miaka 13: bilioni 3 na milioni 120. Hiyo tofauti ya milioni 720 haikutokana na wizi wala uzembe wa mtu. Imetokana na umri mrefu, ambao sote tunauomba kila siku. Lazima awepo mtu wa kuiona mapema, maana ikishafika mlangoni huna la kufanya ila kukopa au kupunguza.

Na hapa ndipo chama kinapoingia. Mtakwimu bima huajiriwa na kampuni au mfuko, au hupewa kazi kwa mkataba. Anayemlipa ndiye huyo huyo anayengoja jibu. Jibu likiwa zuri, chai inaletwa. Likiwa baya, kwamba michango ipande au ahadi ipungue, utasikia, "Hebu zitazame tena namba zako." Mtu mmoja, kijana, mwenye kodi ya nyumba na wadogo wa kusomesha, atalizuia neno hilo kwa kifua gani? Akiwa na chama chenye maadili yaliyoandikwa, chenye kamati inayoweza kumwita mwanachama na kumuuliza kwa nini alitia saini hesabu ile, atapata pa kuegemea. Ataweza kusema, "Nikikubali hili nitaharibiwa jina kwa wenzangu." Kwa hiyo aliyekaa kwenye kamati hiyo bila malipo analinda pencheni yangu, ingawa hanijui.

Wenzetu walioanza zamani waliliona hili. Uingereza taasisi ya wataalamu hawa iliundwa London mwaka 1848, wa Scotland wakaunda yao mwaka 1856, na mwaka 2010 zikaungana zikawa moja. Marekani wana chama kilichopatikana mwaka 1949 baada ya vyama viwili kuungana. Rais wake huchaguliwa na wanachama, na si cheo cha kuingia leo ukaanza kutoa amri: mwaka wa kwanza huwa rais mteule akijifunza kazi, wa pili ndio anaongoza, wa tatu anabaki kwenye bodi kama rais aliyetangulia. Hiyo ni miaka mitatu ya kujitolea kwa kura moja. Hata mitihani yao, ambayo huwachukua vijana miaka mingi kuimaliza, wanaoitunga na kuisahihisha wengi wao ni wanachama waliofuzu, wanaojitolea juu ya kazi zao za ofisini. Ingekuwa kila mmoja amesubiri posho, fani ingekufa.

Binti aliniletea maelezo yake ya kuomba kura niyapitie, kwa vile tabia yangu ya kalamu nyekundu anaijua. Yalijaa "nitahakikisha", "nitaboresha", "nitashirikiana na wadau". Nikayakata yote. Nikamwambia, mwanangu, haya hata mimi nikigombea udiwani nitayaandika. Umefanya nini mpaka sasa? Akasita, kwa haya za kikwetu, kisha akasema kuwa kila Jumapili usiku huwafundisha kwa simu vijana wanaojiandaa na mitihani ya fani, na wawili katika hao wako huku Pemba, mmoja Mkoani na mmoja Konde. Nikamwambia hilo ndilo uandike, tena liwe juu kabisa. Anayeomba nafasi ya kujitolea hana cha kuahidi isipokuwa muda wake, na ushahidi wa muda wake wa kesho ni ule alioutoa jana.

Halafu nikamtaka ataje jambo moja tu atakalolishughulikia. Alilolichagua limenifanya niandike barua hii. Anataka chama kisukume suala la kupata majedwali ya vifo yanayotokana na watu wetu. Jedwali la vifo linahitaji vifo viandikwe, na hapa kwetu mtu akifa tunamzika siku ile ile, tunasoma hitima, basi. Cheti cha kifo tunakikumbuka pale mirathi inapotudai, au benki inapokataa kutoa pesa za marehemu. Bibi kizee wa shamba asiye na akaunti wala shamba la mikarafuu lenye hati, kifo chake kinajulikana na watu wa mtaa wake tu. Tunaye Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na masheha, viongozi wa serikali mitaani, wapo kila shehia, lakini watu wasiporipoti, wao watasajili nini? Sensa ya 2022 ilitukuta Zanzibar zaidi ya watu 1,889,000, wakati ile ya 2012 ilikuta kama 1,303,000. Kwa hiyo walio hai tunahesabiwa. Wanaoondoka tunawasamehe hesabu, kisha mtakwimu bima analazimika kuazima jedwali la watu wa mbali na kulirekebisha kwa kukisia.

Mgombea mwenzake, nasikia, ni mtu wa Dar es Salaam mwenye jina kubwa na uzoefu zaidi. Pengine atashinda, na pengine ndiye anayestahili. Mimi sina kura katika chama hicho na wala simpigii debe mtu. Ila wenye kura nawaomba wawaulize wote wawili swali lile lile la kazi iliyokwisha kufanywa, wasitazame nani anafanya kazi kwenye jengo refu zaidi. Na wazipige hizo kura. Kwenye ushirika wetu wa walimu nilikuwa katibu, na uchaguzi ulipofika waliokuwa wakilalamika mwaka mzima ndio waliokuwa hawaonekani.

Kwa chama chenyewe nina ombi: vikao vya kamati viwe na njia ya kuhudhuria kwa mtandao, tena iwe ya kudumu. Mtu wa Wete akitaka kukaa kwenye kikao cha muda wa saa mbili tu Dar es Salaam, ateremke Mkoani apande boti mpaka Unguja, aunganishe nyengine, alale, arudi. Kwa masharti hayo uongozi utabaki kwa wanaoishi karibu na ukumbi.

Na kwa mwajiri wa binti huyu, ambaye kama ni msomaji wa gazeti hili atajijua: ameomba ruhusa ya mchana mmoja kwa mwezi endapo atachaguliwa, na mpaka naandika hajajibiwa. Mpeni. Hata mkimkata mshahara wa saa hizo yeye yuko radhi, ameniambia.

Mwalimu mstaafu,
Jadida, Wete, Pemba.