Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mama alingoja mionzi miezi mitatu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Nairobi, katika chumba tulichopanga mimi na mama tangu tulipotoka Bomet. Leo amepigwa mionzi ya 14. Zimebaki 11.

Mama ana saratani ya umio, ile ambayo kwetu tunaiita tu ya koo. Ilianza kwa ugali kukwama, kisha viazi, mwishowe hata uji akawa anaumeza kwa machozi. Madaktari walimpasua, wakaondoa sehemu iliyougua, wakalivuta tumbo la chakula hadi kifuani na kuliunga na umio uliosalia. Walifanya kazi ya ustadi na nitawashukuru siku zote. Lakini majibu ya patholojia, yaani uchunguzi wa maabara wa nyama iliyokatwa, yalikaa wiki sita. Yalipofika, yalisema saratani imeonekana kwenye ukingo wa nyama hiyo na ndani ya tezi mbili za limfu, maana yake huenda nyingine ilibaki mwilini. Siku hiyo ndiyo tuliyosikia habari ya mionzi kwa mara ya kwanza. Tukapewa barua, tukaambiwa tutafute wenyewe hospitali yenye mashine. Kufikia siku ya kwanza ya mionzi, miezi mitatu ilikuwa imepita tangu upasuaji.

Kwa nini tusiambiwe mapema? Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba nusu ya wagonjwa wa saratani ya umio waliopewa mionzi na kemo, yaani dawa za kuua saratani, kabla ya kupasuliwa waliishi zaidi ya miezi 49. Waliopasuliwa tu, miezi 24. Si kila mgonjwa anafaa kuanza hivyo, najua. Hata hivyo daktari wa mionzi alistahili kumwona mama kabla hajaingia chumba cha upasuaji, si baada ya kidonda kupona na hofu kuanza upya.

Halafu kuna chumba hiki. Mionzi hupigwa Jumatatu hadi Ijumaa, dakika chache kila siku, kwa wiki tano. Haifai kukatizwa, kwa sababu siku za mapumziko marefu huipa saratani nafasi ya kuota tena. Mtu wa Bomet hawezi kwenda na kurudi kila siku. Mionzi yenyewe SHA, bima ya afya ya serikali, imeilipia. Kodi, nauli, maziwa na mayai ya kumrudishia mama uzito, tumelipia kwa kuuza ng'ombe wawili. Kwenye foleni nimekutana na mzee aliyeacha baada ya mionzi tisa, akarudi wiki tatu baadaye kwa kuwa pesa za kulala mjini zilimwishia. Alikuwa anaomba radhi kwa wauguzi kana kwamba ametenda kosa.

Bomet ni miongoni mwa sehemu zinazoumizwa zaidi na saratani hii nchini, kwa hiyo nyumba kama yetu ni nyingi. Naomba uagize kwamba mgonjwa wa umio asitoke wodini baada ya upasuaji bila tarehe ya kumwona daktari wa mionzi, iliyoandikwa kwenye karatasi yake ya kuruhusiwa. Patholojia ya saratani ipewe siku maalumu za kutoka. Na kila hospitali ya umma yenye mashine iwe na bweni la wagonjwa wanaotoka mbali, hata kama ni vitanda 20 na jiko la kupikia uji.

Kesho saa moja asubuhi tutakuwa kwenye benchi tena. Ukipata nafasi, Mheshimiwa, njoo uketi nasi.

Mwana wa mgonjwa,
Bomet