Roki yetu ina mlango Kisumu

Mhariri,

Magazeti yakiandika kuhusu roki ya Kenya, habari huwa ni ya Nairobi tu: vijana wa chuo, fulana nyeusi, baa za Westlands. Mimi hukodisha spika na ampilifaya hapa Kondele, na nasema roki yetu ina mlango mwingine huku ziwani.

Nazungumzia bendi ya Extra Golden. Ian Eagleson, mpiga gitaa wa bendi ya Golden ya Washington, alikuja Kenya kufanyia benga, muziki wa magitaa wa Waluo, utafiti wa uzamifu, akashikana na Otieno Jagwasi, kiongozi wa Orchestra Extra Solar Africa. Mwaka wa 2004 wakarekodi pamoja na Alex Minoff, mwenzake Eagleson wa Golden, na mpiga dramu Onyango Wuod Omari. Jina lenyewe waligawana nusu kwa nusu. Jagwasi alifariki 2005, kabla albamu ya kwanza haijatolewa 2006 na Thrill Jockey, kampuni huru ya Chicago. Mwanabenga Opiyo Bilongo akaingia, zikafuata albamu za 2007 na 2009.

Wanaowakumbuka hutaja tu kwamba Barack Obama, akiwa seneta, aliwasaidia kupata viza za kwenda kupiga Chicago, nao wakamtungia wimbo. Sawa. Mimi nawapendea magitaa. Solo inadonoa kama nyatiti, ala ya nyuzi ya Kiluo, chini yake roki inanguruma, na hakuna anayemfunika mwenzake. Benga ikikaza mwendo kuelekea mwisho, hujui tena nani Mluo, nani Mmarekani. Mteja mmoja aliwasikia nikijaribu spika akaniuliza: hawa ni wa Siaya au Homa Bay?

Sasa, ufundi wa akina Jagwasi ulipikwa baa, usiku kucha, mbele ya watu. Hawakulelewa na kampuni kubwa. Kulikuwa na pesa za mlangoni, kulikuwa na pakruok: mtu anatoa noti, muziki unashushwa, anajisifu au anamsifu shemeji yake, kisha gitaa linapanda tena. Bendi inakula, na inazoea kucheza. Leo wenye baa wengi wanataka dijei na kompyuta yake. Siwalaumu sana, dijei ni sahani moja ya samaki. Lakini kuna vijana wanne hukodi vyombo kwangu, wanapiga roki ya Kiluo waliyotunga wenyewe. Juzi mwenye baa mmoja aliwaambia wapige nyimbo za watu zinazojulikana au wafungashe. Wakafungasha. Nauli ya kurudisha spika nikailipa mimi.

Ombi langu kwa serikali ya kaunti: ukumbi wa Mama Grace Onyango utengewe bendi jioni moja ya Jumamosi kila mwezi. Sharti liwe kupiga nyimbo zao wenyewe, kiingilio kiwe cha mwanafunzi kumudu, pesa za mlangoni wagawane wanamuziki. Na hotuba za wanasiasa zisubiri siku nyingine, tafadhali. Pakruok iruhusiwe, hata kwenye roki. Hasa kwenye roki.

Vyombo nitaleta kwa nusu bei. Bure siwezi, mafuta ya jenereta hayanunuliwi kwa makofi. Nawe Mhariri mtume mwandishi wako, aje mapema wakati wa kupima sauti, na asimuulize yeyote habari za Obama.

Mkodishaji wa vyombo,
Kondele, Kisumu