Salamu za Krismasi kutoka meza yenye maua na rangi

Wapendwa wanafunzi wangu wa zamani, wenzangu wa maabara, na nyote mlioondoka na mikasi yangu mkasahau kuirudisha,

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya!

Mbele yangu ipo poinsetia, ule mmea mwekundu wa Krismasi, naichora kwa mara ya nne wiki hii. Mara tatu za kwanza nilichora ua kubwa jekundu. Aibu gani hii kwa profesa wa kilimo cha bustani! Wekundu ule ni majani. Maua yenyewe ni vile vitufe vya manjano katikati, ambavyo hakuna anayevitazama. Niliyaandika hayo ubaoni kila muhula, lakini jicho langu lilikuwa halijayakubali mpaka lilipolazimishwa na brashi.

Mnakumbuka majani hayo yanavyopata rangi: hutaka usiku mrefu, takriban saa 14 za giza kila siku kwa majuma kadhaa. Taa ikiwaka katikati ya usiku, hata kwa muda mfupi, mmea unahesabu usiku umekuwa mfupi na majani yanabaki ya kijani. Wanasayansi wa Marekani Garner na Allard walieleza mwaka 1920 kwamba mimea huufuata urefu wa siku. Baadaye ikabainika kinachopimwa hasa ni giza. Jaribio letu moja liliharibika lote kwa sababu kuna mtu aliacha taa ya ukumbini ikiwaka. Simtaji, maana anasoma barua hii.

Siku hizi natazama sana michoro ya Rachel Ruysch, mchoraji wa kale wa Uholanzi, binti wa profesa wa botania wa Amsterdam; alichora maua hadi akapita miaka 80. Wachoraji wa Uholanzi wa enzi zake waliweza kutia tulipu za majira ya kuchipua na maua ya kiangazi katika chombo kimoja, wakiyachora kila moja kwa msimu wake. Nilipokuwa nafundisha upangaji wa maua, kazi kama hiyo ningeikata alama: maua haya hayakutani! Sasa nawawaza ninyi. Wa darasa la kwanza mna wajukuu, wa mwisho bado mnatafuta kazi, na hamjawahi kukaa chumba kimoja. Msimu huu nimewaweka wote kwenye chombo kimoja, mnisamehe.

Mkiletewa maua sikukuu hii, kateni mashina upya na ondoeni majani yatakayozama majini. Na tafadhali, yasikae karibu na bakuli la matunda. Tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, na karnesheni zenu zitajikunja kabla wageni hawajaaga.

Kesho naanza mchoro wa tano. Safari hii naanzia kwenye vile vitufe vya manjano.

Mwalimu wenu