Baba Mdogo, kobe wasipakiwe kwenye Fuso

Las Vegas, Nevada
9 Oktoba 2025

Baba Mdogo, shikamoo. Shikamoo yangu imfikie na Mama Mdogo.

Sauti aliyotuma Iddi nimeisikiliza mara tatu. Nimeelewa kuwa wachimba kokoto wameanza upande wa magharibi wa mlima, kuwa Iddi ameshaokota kobe 14 kwenye nyufa na kuwatia magunia nyuma ya banda la mbuzi, na kuwa inatakiwa laki nne na nusu ya kukodi Fuso iwapeleke mlima wa pili. Habari ya nani alitia sahihi kuuza upande ule nitaifikia huko chini, maana imenikaa kooni. Kwanza kobe.

Hela ya gari sitatuma. Nakuomba Iddi awarudishe leo jioni, jua likishapoa, kila mmoja kwenye ufa wake mwenyewe, angali anakumbuka alimtoa wapi. Najua mtasema nimekuwa bahili tangu nivuke maji. Siyo hivyo. Kuhamisha kobe ni jambo ambalo huku limefanywa kwa maelfu na kwa gharama kubwa, na matokeo yake yamepimwa mpaka kwenye vinasaba. Nisipowaambia ninayoyajua nitakuwa nimewanyima kitu kikubwa kuliko hela.

Kobe wa huku ni wa jangwa la Mojave. Serikali ya Marekani ilimweka kwenye orodha ya viumbe walio mashakani mwaka 1990, na mwaka 2024 jimbo la California likampandisha daraja kuwa aliye hatarini kutoweka. Jike huchukua miaka 13 hadi 20 kabla ya kuanza kutaga, kwa hiyo kila mkubwa anayekufa pengo lake halizibiki upesi. Mji huu ulipokuwa unapanuka, kobe waliokutwa kwenye viwanja vya ujenzi, pamoja na waliofugwa kisha wakatupwa na wenyewe, walipelekwa bonde la Ivanpah, kusini ya hapa. Tangu miaka ya 1990 walipelekwa zaidi ya 9,000. Wengi walikufa.

Mwaka 2020 watafiti walitoa majibu ya kupima damu ya 166 kati ya hao, wakiwalinganisha waliokufa na waliosalia. Kila kobe ana nakala mbili za kila jeni, moja ya mama na moja ya baba. Waliosalia walikuwa na tofauti baina ya nakala hizo kwa kiasi cha asilimia 23 zaidi ya waliokufa. Kule alikotoka kobe, karibu au mbali, hakukutabiri nani angepona. Sasa fikiria mlima wetu, Baba Mdogo. Ni kisiwa cha mawe katikati ya mashamba ya uwele na alizeti. Kobe wetu wa mwambani hatoki kwenda kutafuta mchumba mlima mwingine, na jike hutaga yai moja kwa wakati. Kizazi baada ya kizazi ndugu wanazaa na ndugu, na nakala zinazidi kufanana. Kwa hiyo nina hofu kwamba hao 14 ni wa aina ile ambayo ikihamishwa haipiti mwaka.

Kuna la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu halionekani kwa macho. Mwaka 2008 kobe wengi walihamishwa kutoka eneo la jeshi la Fort Irwin, California. Kwanza koyote, mbwa mwitu wadogo wa huku, waliwaua wengi, maana ulikuwa wakati wa ukame na sungura walikuwa wameadimika. Baada ya miaka 4 watafiti walipima vinasaba vya watoto waliototolewa pale. Majike wahamiaji walikuwa wanataga sawa na wenyeji. Lakini madume wahamiaji hawakuwa na mtoto hata mmoja; baba wa wote ni madume wenyeji. Dume mgeni yupo, anakula, ukihesabu unamhesabu, na damu yake haimo kwenye kizazi kinachofuata. Kwa hiyo Iddi akinipigia simu mwakani aseme "wote wapo hai kule mlima wa pili," hiyo haitakuwa habari kamili.

Hata huku hawahamishi kiholela. Kipimo cha vinasaba kimeonyesha kuwa kobe wa Mojave hutofautiana polepole kadiri umbali unavyozidi, ndiyo maana wataalamu walipendekeza asipelekwe zaidi ya kilomita 200 hivi kutoka alipozaliwa. Ng'ambo ya mto Colorado kuna kobe ambaye kwa miaka mingi alidhaniwa ni yule yule. Vinasaba vikaonyesha kuwa ni mwingine, na mwaka 2011 akapewa jina lake. Watu walikuwa wakiwachanganya majumbani na kupata machotara. Nani anajua kobe wa mlima wa pili wametengana na wetu muda gani? Hakuna aliyepima.

Sasa mambo ya kufanya, na Iddi ayasikilize vizuri.

Magunia yale ayachome. Kobe 14 waliogusana pua kwa pua huenda wameshaambukizana chochote ambacho mmoja wao alikuwa nacho. Huku kuna bakteria ya Mycoplasma inayowapa mafua: kamasi puani, kope kuvimba, kupumua kwa mluzi. Ubaya wake ni kwamba kobe anaweza kukaa nayo miaka bila dalili, ndiyo maana hapimwi kwa macho, anapimwa damu. Mwenye kamasi amtenge na asimrudishe mlimani.

Ashike kobe mmoja mmoja, glavu mpya kila kobe, na kila mmoja kwenye ndoo yake safi yenye kivuli. Amwinue taratibu, akiwa mlalo vile vile, asimpindue. Kobe wa huku hutunza maji kwenye kibofu kwa miezi ya kiangazi. Akishtuliwa akakojoa, amemwaga akiba yake yote na anaweza kufa wiki kadhaa baadaye, mahali ambapo hakuna atakayejua sababu. Kama kuna wa Iddi aliyekojoa, amweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyofika kidevuni, robo saa, kabla ya kumrudisha. Huku joto likizidi nyuzi 35 kivulini, likipimwa sentimita 5 kutoka ardhini, hakuna ruhusa ya kumgusa kobe. Huko saa sita mchana Oktoba, mwamba ule unawaka.

Lile yai ambalo Iddi alisema kwenye sauti kuwa amelifukua, asiligeuze. Atie alama ya penseli juu, alirudishe upande ule ule, udongo ule ule, kina kile kile. Likigeuzwa baada ya siku chache za mwanzo, kijusi kinaweza kufa ndani.

Kabla ya kumwachia kila mmoja, apige picha ya gamba juu na chini, apime urefu kwa rula, na aandike mahali pa ufa kwa ramani ya simu. Usiruhusu anitumie damu, hata tone kwenye karatasi. Kobe wetu yuko kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2019, na damu nayo ina vibali vyake vya kuvuka mpaka. Huku jina langu limo kwenye kibali cha kutoa damu, mililita moja pale ngozi ya shingo inapokutana na gamba, na najivunia hilo kuliko gari ninaloendesha. Lakini kibali hicho kinaishia huku.

Wale ambao nyufa zao zimeshavunjwa, usiwahamishe wewe. Nenda kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya, wewe mwenyewe uliye mtu mzima, si Iddi, maana kijana akikutwa na kobe 14 kwenye magunia ataambiwa ana nyara za serikali na hakuna atakayemsikiliza. Mwombe mambo mawili: uchimbaji usimame kwenye miamba yenye nyufa nyembamba za mlalo, na watafiti wa TAWIRI, ile taasisi ya utafiti wa wanyamapori ya Tanzania, waitwe. Na kambi ya wachimbaji isimwage mabaki ya chakula ovyo. Huku kunguru wameongezeka kwa sababu ya majalala na maji ya binadamu, na wanatoboa vitoto vya kobe ambavyo gamba halijakomaa.

Sasa lile la sahihi. Mlima ule babu alituachia sote, na mimi sikuulizwa. Simtaji mtu. Lakini nyufa zilizo upande wa magharibi zimechukua maelfu ya miaka kupasuka, na hakuna fundi wa kuzijenga tena. Nataka kikao cha ukoo kifanyike kabla ya mvua, nami niwekwe kwenye simu.

Nimetuma laki moja na nusu kwa namba ya Mama Mdogo. Ni ya nauli yako ya wilayani, glavu, ndoo, na kinachobaki ni miwani ya Mama. Huku leo kumepita kiwingu kidogo tu, ardhi ikatoa harufu ile ya mvua ya kwanza, nikatamani mlenda na ugali wa uwele mpaka nikashindwa kula nilichopika.

Viatu vya Hawa nimenunua namba 37. Kama mguu umekua, niambieni kabla ya Jumatatu sijavituma.

Mwanao,
Ramadhani